Ukingo wa Nyota na Mkorosho wa Bibi

Tangu mwaka ule wa vipimo, nikimpa shikamoo mama mkubwa haitiki. Huniuliza tu, "Leo umekuja kupima nini?" Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea, kwa hiyo ana haki ya kunichukia kwa uhuru zaidi kuliko watu wengine.

Kosa lilianza kwa majivuno. Nilisoma fizikia Maputo, na tasnifu yangu ilihusu nyota kubwa kuliko zote zinazojulikana. Niliporudi likizo nilimkuta anakuna nazi, nikaona nimtese kwa somo. Nikamwambia ziko nyota nyekundu zilizovimba sana, kiasi kwamba moja ikiwekwa mahali pa jua letu ingetumeza sisi sote na kufika mpaka inakozunguka sayari ya Mshtarii.

"Nani alikwenda huko na kamba?" aliuliza.

Nikacheka kicheko cha chuo kikuu. Nikaeleza kwamba wanaastronomia hupanga darubini kadhaa zilizoachana na kuunganisha mwanga wake, zikawa kama darubini moja kubwa. Hapo hupata upana wa nyota unavyoonekana angani. Kisha lazima wajue umbali, maana nazi ya mkononi na nazi iliyo juu ya mnazi hazionekani sawa. Wakikosea umbali, ukubwa nao umekosewa, na ndiyo sababu ubingwa wa nyota kubwa kuliko zote hauishi kuhamahama. Halafu nikafika nilipopapenda: nyota hizo hazina ukingo. Gesi yake ya nje inapungua polepole kama moshi. Kwa mwanga wa rangi hii nyota inaishia hapa. Kwa mwanga usioonekana kwa jicho, inaishia mbali zaidi. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu huandika ametumia mwanga gani.

"Basi hawajui inapoishia."

"Wanajua, mama mkubwa. Ila inategemea."

"Inategemea nani anatazama. Sogea, unanizibia mwanga."

Miaka michache baadaye ikagunduliwa gesi nyingine, hii ya chini ya bahari yetu, na wakaja watu wa kupima mashamba ya vijiji vitakavyohamishwa kupisha kiwanda chake. Mimi, mwalimu wa sekondari, nikaajiriwa kuwa mkalimani na mshika kipimo, kile kidude kinachoongea na setilaiti. Nikapewa kizibao cha kung'aa na mabuti yaliyonizidi. Nikajiona engenheiro, mhandisi kamili. Vijijini hakuna aliyetukaribisha hata maji.

Shamba la mama mkubwa lilikuwa na muhogo nusu. Nusu ya pili ilikuwa kichaka, kwa sababu alikuwa ameilaza ipate nguvu. Hivyo ndivyo tunavyolima sote: upande mmoja unalisha, mwingine unapumzika. Mimi nilifuata muhogo. Ulipokwisha, nikageuka.

"Endelea," alisema. "Mpaka ni mkorosho ule alioupanda bibi yako."

"Huku hakuna kitu, mama mkubwa. Fomu inataka kilicholimwa."

"Nimelilaza. Wewe ukilala, huwa umekufa?"

Nyuma yangu msimamizi, mgeni, alitazama saa. Nikabonyeza kitufe.

Siku ya kuweka dole gumba kwenye fomu tulikusanyika shuleni. Mama mkubwa alijua dole lile lingefanya nini: kichaka kingekuwa hakina mwenyewe, naye huko wanakohamishiwa angepewa ardhi ya kutosha muhogo tu, ailime kila mwaka bila kuilaza mpaka ife.

"Dada, weka dole," mwenyekiti wa kijiji alimhimiza. "Watu wanangoja."

"Dole langu haliwekwi kwenye nusu." Akanigeukia. "Huyu hapa, msomi wetu, dotori wa nyota! Aliniambia kwa mdomo wake, mimi nakuna nazi, kwamba mpimaji mwaminifu anaandika alivyotazama. Haya, aandike!"

"Andika, dotori!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Au wino umeuacha Maputo?"

Watu wakaangua kicheko, na hakikuwa kizuri. Msimamizi akaniuliza kwa Kireno mama anasema nini. Nami, mwenye lugha tatu, nikamjibu kwamba ana swali dogo.

"Mentira!" mama mkubwa alifoka. Sikujua kama anajua Kireno. Alijua neno hilo moja, uongo, na lilimtosha.

Nikaichukua fomu. Chini kabisa nikaandika kwamba mpaka umepimwa kwa kufuata muhogo tu, na kwamba shamba lililolazwa linaendelea hadi kwenye mkorosho, halijapimwa. Tasnifu yangu yote sikuiandika kwa shida ile. Msimamizi akasoma, akawiva uso, akasema nimeiharibu fomu. Haiwezi kupokelewa ikiwa na sentensi kama hiyo, sasa shamba itabidi lipimwe upya.

Likapimwa upya. Mama mkubwa alitangulia na panga, akifyeka njia hadi kwenye mkorosho. Kipimo alikishika binti mmoja wa kutoka bara, aliyechukua nafasi yangu. Mimi niliachwa kwenye gari nilinde chupa za maji.

Waliporudi, fomu mpya ikasomwa hadi mwisho, na mkorosho ulikuwamo. Mama mkubwa akaweka dole. Kisha akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama, nikadhani ananijia kwa amani, akaufuta wino kwenye kizibao changu cha kung'aa.