Uwanja wa Watu wa Nyota

Nilipokuwa mtoto kwetu Kasongo, mtu wa nyumba akisafiri, uwanja haukufagiwa mpaka habari ije kwamba amefika. Koko, nyanya yangu mzaa baba, aliishika desturi hiyo kuliko wote. Alisema nyayo za msafiri zinabaki zimeungana na miguu yake njia nzima. Ukizifagia umemkata, na hatafika.

Nilikuwa darasa la tano baba alipoondoka alfajiri kwenda kuchimba dhahabu Salamabila. Mvua ilikuwa imeharibu barabara upande wa Wamaza, na simu yake ikanyamaza. Majani ya mti wa avoka yakajaa mlangoni, maganda ya mihogo yakakaukia pale yalipoanguka. Jirani yetu Mama Zaina akapita akicheka.

"Mama, hii iko nyumba ao shimo ya takataka?"

"Iko njia ya mutoto wangu," Koko akajibu. "Kama inakuuzi, pitia kule nyuma."

Alijibu hivyo, lakini chakula kilikuwa hakimshuki tena.

Juma lile lile mwalimu alitufundisha habari za nyota. Alisema nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua iko mbali kiasi kwamba mwanga wake wenyewe unasafiri zaidi ya miaka minne kutufikia. Chombo chenye mbio kuliko vyote vilivyoundwa kingehitaji maelfu ya miaka. Pengine siku moja watu watakwenda, alisema, lakini watakaopanda watazeeka na kufia humo ndani, na watoto wao vilevile. Watakaoshuka ni wajukuu wa wajukuu wao, vizazi vingi baadaye. Mimi nilikuwa nawaza uwanja.

Jioni, tukimenya mihogo, nilimsimulia Koko yote, kisha nikamwuliza:

"Mutu akienda ku nyota, uwanja utafagiwa siku gani?"

Kisu kikasimama mkononi mwake. "Habari ya kufika, nani ataileta?"

"Itarudi kama mwanga, Koko. Miaka mingine tena."

Alitazama juu, nyota ya kwanza ilikuwa imeshatoka.

"Basi nitakufa, na weye utakufa, majani yatafika ku dirisha. Na kila mutoto atakayezaliwa hapa ataambiwa: acha ufagio, watu wetu wangali mu njia."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

Siku chache baadaye kijana wa pikipiki akasimama mbele yetu bila kuzima mashine. "Koko, mutoto wako alifika kule Salamabila. Mguu ulivimba, lakini anakula."

Koko alikaa chini pale pale, juu ya majani. Alipoinuka alinipa ufagio, na nilipoinama akanishika mkono.

"Wale wa nyota, walishaondoka?"

"Bado, Koko."

"Basi fagia."

Sasa Koko hayupo, na shule niliiachia njiani. Najua wenye elimu wanahesabu mafuta, hewa na maji ya safari ile, na hayo lazima yahesabiwe. Lakini mimi huwaza pia watakaobaki, watakaomngojea mtu wasiyemjua, mlango kwa mlango, kizazi kwa kizazi. Naamini hao wanaweza kupatikana. Nimeishi na mmoja.

Kila asubuhi nafagia, na kabla ya kuinama hutazama juu kidogo. Siku nikisikia wameondoka, nitaulaza ufagio chini, na mtoto atakayekuwa karibu nitamweleza kwa nini.