Nani Aliwapa Kifupisho Changu?

Nilikuwa namtetea mjane wa mtaa wa Shituru ambaye ndugu za marehemu mumewe walitaka kumtoa nyumbani. Siku wakili wao aliponiletea hoja zake za maandishi, nilisoma ukurasa wa kwanza nikashtuka. Hoja zilikuwa zake, lakini mkono ulikuwa wangu.

"C.Fam." Hapa Likasi, Kongo, mawakili huandika jina la sheria ya familia kwa kirefu, Code de la famille, au huweka C.F. tu. Sijaona mwingine anayeandika C.Fam. kama mimi, nilizoea hivyo tangu chuo, jaji asije akaichanganya na sheria nyingine. Na pale ilikuwapo, kila kifungu. Hata hukumu za zamani alizitaja kwa mtindo wangu: mahakama, namba ya kesi, kisha tarehe ndani ya mabano.

Basi kuna mtu aliyewapa jalada langu. Nani? Ofisini tuko wawili tu, mimi na mwenzangu, na kabati ni moja. Nikakumbuka nilivyomkuta juzi amesimama mezani pangu, eti anatafuta mashine ya kubania karatasi.

"Weye ulionyesha batu dossier ya ule mama?" nilimuuliza.

"Miye? Sikuigusa hata. Unaniwazia vile?"

Sikumwamini. Nikaanza kwenda na jalada nyumbani, na simu yake ikilia, nilitega sikio.

Umeme ulipokatika tena, nilikwenda kuchapa kwenye kibanda kilicho mbele ya mahakama, chenye jenereta. Kabla sijampa mchapaji karatasi zangu, alifungua ukurasa kwenye kompyuta. C.Fam. ilikuwa imeshakaa mahali pake.

"Hii ulitoa wapi?"

"Ni ya kwenu, Maître. Siku ile mulichapa hapa, niliona iko muzuri, nikaiweka modèle. Maneno nilifuta, nikaacha vifungu na hukumu. Ba-avocat benzenu bote banaipenda."

Nilikagua mstari kwa mstari. Kweli, hoja zangu hazikuwamo. Nilisimama pale hadi akafuta, nikamuuliza kama ana nakala nyingine. Aliapa hana, huku kidude cha kuhifadhia mafaili kikining'inia shingoni mwake.

Mjane alishinda, yuko nyumbani kwake. Nilimwomba mwenzangu msamaha. Alicheka, akasema yamekwisha. Lakini siku hizi hata akitoka kununua maji tu, anafunga droo yake kwa ufunguo.