Saa ya Kwenye Msumari

Mama Cherehani aliingia duka la saa akiwa tayari amekasirika. Mumewe alilijua hilo, ndiyo maana alitangulia haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza jambo kabla halijaanza. Jina la mume huyu kazini ni Taratibu. Amepewa na wageni anaowaongoza mlimani, maana kutwa wimbo wake ni huo mmoja: taratibu jamani, taratibu, mlima haukimbii. Mkewe hushona nguo barazani kwao. Tangu waoane, yeye ndiye anayetia viraka suruali zinazochanwa na mawe, na yeye ndiye anayebaki chini roho juu kila mume anapoondoka.

Safari hii roho ilikuwa juu zaidi. Taratibu alikuwa anakwenda na binti yao, msaidizi wake kwa mara ya kwanza. Binti huyo nyumbani wanamwita Kisiki. Tangu utotoni, akikataa jambo hukaa chini palepale, iwe sokoni, iwe katikati ya barabara, na asitokee mtu wa kumwinua.

Muuza duka alitandika saa mbili juu ya kabati la kioo.

"Hii hapa," alisema, akigusa ile kubwa yenye uso unaong'aa, "inapata urefu wa mlima kutoka kwenye satelaiti. Ukifika mahali inakwambia umefika. Haiyumbi. Hii nyingine inapima uzito wa hewa. Si mbaya, lakini ina usumbufu. Hali ya hewa ikibadilika, inapotea. Umelala zako kitandani, yenyewe inasema umepanda. Lazima uirekebishe kila asubuhi."

"Hiyo inayopotea ndiyo tunayoitaka," alisema Mama Cherehani.

Muuza duka akacheka. Taratibu hakucheka.

Sasa, usije ukamwona mama huyu punguani. Jikoni kwao, kwenye msumari juu ya jiko, inaning'inia saa ya zamani ya Taratibu, ya aina ileile ya kupima hewa. Mkanda wake ulikatika siku nyingi, na mikanda ya aina hiyo haitengenezwi tena. Mwaka mkanda ulipokatika, Taratibu aliiacha nyumbani akapanda mlima na mdogo wake. Mchana ule Mama Cherehani alichungulia msumarini akaona nyumba yao, nyumba ya matofali iliyokaa palepale tangu ijengwe, imepanda mita zaidi ya hamsini. Akadhani saa imekufa, akaendelea na ugali wake. Kumbe hewa ilikuwa imepungua uzito, dhoruba iko njiani. Shemeji yake alirudishwa amebebwa, na vidole vya mguu wake wa kushoto vikabaki hospitali. Taratibu aliposimuliwa habari ya saa, alikaa sakafuni jikoni, akamweleza mkewe maana yake, akalia. Tangu siku hiyo nyumba yao ina msemo wake. Namba ikipanda, watu wanaanua nguo kwanza, maswali baadaye.

Kwa hiyo mama alijua anachokisema pale dukani. Lakini Taratibu alishachoka kuchekwa na wageni wanaovaa saa zinazowaka kama taa za harusi, huku yeye kila safari huitoa ile ya msumarini, imefungwa kwa kamba ya kiatu, akaitia mfukoni.

"Hali ya hewa siku hizi iko kwenye simu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na simu huko juu inashika?"

"Mke wangu, usiniaibishe mbele za watu. Nimepanda mlima huu kabla hujanijua."

"Na mdogo wako je, alipandaje?"

Ah! Hapo alikuwa amemgusa kwenye kidonda. Taratibu alinyoosha mkono, akaivaa ile kubwa inayong'aa, akamwambia muuza duka amfungie boksi lake. Walirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

Kulipopambazuka siku ya safari, Kisiki alimkumbatia mama yake kwa nguvu, buti mpya zinalia kwa ugumu. Taratibu alisema, "Haya, tunakwenda," akiuambia mlango. Mama Cherehani aliuitikia huo huo mlango.

Siku ya kufika kileleni ilianza nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Mama Cherehani alikuwa anapindia gauni la mteja barazani. Akaenda jikoni kutazama maharage, akainua macho. Nyumba imepanda. Akapangusa kioo cha saa kwa kanga. Akarudi kwenye gauni, akashona mshono mmoja, akaukosea, akaufumua. Aliporudi jikoni namba ilikuwa imekwenda tena juu. Akachukua kigoda, akapanda, akaiangalia kwa karibu. Ilikuwa imepita ile ya siku ya shemeji.

Akashuka, akashika simu. Simu ya Taratibu haipatikani. Ya Kisiki haipatikani. Akapiga langoni, kwa askari wa hifadhi mwenye simu ya upepo inayofika mpaka juu.

"Baba, nakuomba umwite mume wangu, Taratibu. Mwambie nyumba imepanda."

"Nyumba imefanyaje?"

"Imepanda!"

"Mama, mmeongeza ghorofa?" Askari aliangua kicheko. "Hizo habari za ujenzi si zisubiri ashuke?"

"Sikiliza wewe!" Alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Mwanangu yuko huko juu! Sema hivyo hivyo nilivyosema, usiongeze, usipunguze. Nyumba imepanda. Kuliko siku ya vidole."

Kicheko kikakatika. Hakuelewa neno, lakini sauti aliielewa. Mama Cherehani akasikia kwa mbali akiita kwenye simu yake ya upepo, mkwaruzo, kimya, mkwaruzo tena.

"Nimempata," askari alisema hatimaye. "Nimemwambia kama ulivyosema."

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

"Amesikia, halafu?"

"Basi, kasema 'nimesikia' tu. Sasa simpati tena hewani, nadhani wamepinda nyuma ya jabali."

Mama Cherehani alikaa chini. Kama kuna neno alilokuwa analichukia katika ndoa yake, ni hilo. Bomba linavuja: nimesikia. Mlango wa choo haufungi: nimesikia. Bomba bado linavuja hadi leo. Mwanamume huyu akisema nimesikia, ujue hafanyi.

Shemeji yake alikuja akichechemea baada ya kuitwa, akakuta maharage yameungua na hakuna aliyeyaondoa. Hakuuliza. Alipanda kigodani kwa mguu wake mzima, akasoma saa, akashuka polepole, uso umemshuka. Wakakaa wawili barazani. Cherehani ilikuwa kimya na gauni la watu limelala sakafuni.

"Huko nje bado jua kali," alisema shemeji baadaye. "Hicho ndicho kinachoua. Unaona jua, unaona kilele hiki hapa. Mgeni anakwambia twende, kidogo tu. Na kaka hapendi kuonekana mwoga."

"Nyamaza, shemeji. Tafadhali."

Shemeji akageukia mlima. Kisha mlima ukaanza kupotea. Kwanza kilele, halafu mabega, halafu wote, umefunikwa na kitu cheusi kilichoshuka kwa haraka. Upepo ukafika mtaani, ukabamiza madirisha, ukachukua beseni la jirani. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati mpaka wakawa hawasikilizani. Mama Cherehani aliongea na Mungu kwa sauti, na kumtukana mumewe kwa sauti pia, akachanganya yote mawili bila kujali nani anamsikia. Alikumbuka alivyouambia mlango kwaheri. Alitamani angalau angemtazama usoni.

Mvua ilikuwa imeanza kulegea simu ilipolia. Namba ya lango. Aliikodolea macho tu. Shemeji ndiye aliyebonyeza, akamwekea sikioni.

"Mama?"

Ilikuwa sauti ya Kisiki, imekauka kwa baridi.

"Mwanangu! Uko wapi? Baba yako yuko wapi?"

"Tuko kibandani, wote. Nimeunganishwa kupitia kwa askari. Mama, usilie kwanza, nisikilize. Baba alikataa."

"Alikataa nini?"

"Kurudi. Aliangalia saa yake mpya, akaangalia juu, akasema kumekucha kweupe, tumebakiza kidogo, tugonge kilele turudi mbio. Mgeni naye akawa anamsukuma twende, twende. Mimi nikamwuliza, baba, mama amesema imezidi ya siku ya vidole? Akasema ndiyo, lakini mama yako ana hofu. Basi, mama, nikakaa."

"Ukakaa?"

"Chini. Katikati ya njia. Nikamwambia sipandi mpaka nyumba ishuke. Mgeni alinifokea, baba alinifokea, akanivuta mpaka mkono wa koti langu ukachanika. Sikuinuka. Baba hawezi kuniacha, anajua. Wakarudi wamenuna, hawanisemeshi. Tulikuwa tunafunga mlango wa kibanda ndipo dhoruba ikapiga. Mama, imeng'oa mahema yote yaliyokuwa nje."

Mama Cherehani alicheka na kulia pamoja, akampiga shemeji yake begani bila kosa lolote. Miaka yote alimchapa mtoto yule kwa kukaa chini njiani.

Simu ikakwaruza. Akasikia pumzi nzito, anaijua.

"Mama Cherehani," alisema Taratibu.

Mkewe angeweza kumwambia mengi, aliyapanga mchana kutwa, na yote yalikuwa ulimini.

"Nyumba ikoje sasa?" aliuliza mumewe.

Alikwenda jikoni, simu sikioni, akapanda kigodani. Macho yalijaa machozi, ikabidi ayafute mara mbili ndipo asome.

"Imeanza kushuka," alisema.

"Nimesikia," alisema Taratibu, na hapo akashindwa, akaanza kulia.