Treni Iliyoondoka Gazetini Kwanza

Lottie Eberhardt nilikuwa simpendi hata kidogo, na sioni haya kusema. Alikuwa msemaji wa kampuni ya reli pale Scranton, mji wa machimbo ya makaa, mwaka 1907, wakati kazi hiyo haina hata jina, na mwanamke anayeifanya ukimtafuta kwa taa humpati. Kazi yake ilikuwa kutulisha sisi waandishi wa magazeti: sigara nene, wiski, tiketi za bure, na juu yake karatasi iliyopigwa taipu, habari tayari kuliwa. Nasi tulikula. Nani anakataa cha bure?

Habari zenyewe zilitufikia kabla hazijatokea. Jioni unaletewa karatasi isemayo kwamba Bwana Prentiss, mkubwa wa reli, amewahutubia wakulima na wamemshangilia. Asubuhi iko gazetini, na hotuba yenyewe ni mchana. Siku moja mvua ikavunja mkutano, wakulima wakabaki nyumbani wakisoma jinsi walivyopiga makofi. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyofanya kazi.

Kisha daraja likakatika na treni ya makaa ikaanguka mtoni. Dereva Emlyn Pugh akafa. Jua halijazama, mji mzima umeshasikia kwamba Pugh alikuwa amelewa. Uvumi ulitoka ofisini kwa Prentiss, ungetoka wapi kwingine? Wazee wa kanisa la Wawelsh, wahamiaji kama Pugh mwenyewe, watu wa nyimbo na wasio na masihara na pombe, wakamwambia mjane wake: kama alilewa tutamzika, lakini kumwimbia hatumwimbii. Mama wa watu akalia upya. Kwa Mwelsh, kuzikwa kimya ni kufa mara mbili.

Lottie akavaa buti akaenda darajani mwenyewe. Aliporudi, matope mpaka magotini, mimi nilikuwa kwenye benchi la ofisi nikingoja wiski yangu, na mlango wa Prentiss ulikuwa wazi.

"Mbao zimeoza, bwana. Nimechomeka mwavuli, umezama kama kwenye mkate."

"Kesho jioni zitakuwa majivu. Wewe andika dereva alilewa."

"Pugh? Mtu aliyekunywa maziwa kwenye harusi yake!"

"Maiti hajitetei, Bibi Eberhardt."

"Ndiyo maana mnamwonea."

"Andika, au fungasha virago vyako!"

"Naandika," akasema. "Tena sasa hivi."

Nikasema moyoni, huyu naye amefyata mkia. Aliponipa karatasi sikuisoma. Niliipeleka moja kwa moja kwa wapiga chapa, na wenzangu wa magazeti mengine wakafanya vilevile.

Lo! Asubuhi mji mzima unasoma kwamba Bwana Prentiss amewapeleka waandishi, mjane na wazee wa kanisa darajani kwa treni maalumu, amewaonyesha mbao zilizooza, amevua kofia na kutamka: dereva hana kosa.

Stesheni ikafurika watu waliokuja kuiona treni hiyo, maana mji ulishazoea gazeti kutangulia tukio. Prentiss akaja mbio, gazeti amelikunja ngumini.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Ofisi yako, bwana," Lottie akajibu. "Si ndivyo tunavyoandika siku zote?"

Akatugeukia sisi. "Nyinyi! Kanusheni!"

Tukanushe? Tuwaambie watu tumechapisha safari ambayo haikuwepo? Tungechekwa mpaka Philadelphia! Damu ikanipanda. Nikatoka mbele.

"Bwana, gazeti langu haliandiki uongo. Treni iko wapi?"

Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo, wala mtamu kuliko huo. Wenzangu wakadakia, "Treni iko wapi?" na umati ukaitikia. Mjane akasogea na nguo zake nyeusi.

"Sisi tuko tayari, bwana."

Treni ikatafutwa, ikapatikana.

Darajani walinzi walikuwa na mafuta ya taa mkononi. Walipomwona bosi wao kazungukwa, wakayaweka chini. Mzee Howell wa kanisa akashika nguzo, akaimega kwa vidole, unga ukamwagika kwenye viatu vyake. Akamtazama mjane, machozi yakamlengalenga.

"Gazeti linasema ulivua kofia," mjane akamwambia Prentiss.

Akaivua.

"Na kuna neno ulisema."

Prentiss akaikunja kofia mikononi.

"Dereva hana kosa."

"Paza sauti, bwana. Wa nyuma hawajasikia."

"Dereva hana kosa!"

Kisha akamfuata Lottie, uso umeiva kwa hasira. "Huna kazi kuanzia sasa hivi! Na nitahakikisha hakuna kampuni katika jimbo hili itakayo—"

Mzee Howell alikuwa ameanza, kwa sauti nene, hapo hapo kando ya nguzo iliyomegeka. Mjane akaingia. Halafu Wawelsh wote, ukingo mzima wa mto.

"Nyamaza, bwana," Lottie akamwambia. "Watu wanamwimbia Pugh."