Solange na Ramazani Chérie Wawili

Tafuta Kivu Kusini nzima mtu wa kuandikia zahanati programu akiwa amekalia katoni ya sabuni. Hutampata, isipokuwa Solange wa Baraka, binti wa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Na asubuhi ile ya chanjo jasho lilimtoka.

Kisa chenyewe kilikuwa postnom, lile jina la katikati la Wakongomani. Solange alijifunza kwenye simu, kwa masomo ya wazungu, na wazungu, maskini, wana majina mawili tu. Akaunda aina moja, Mgonjwa, yaani orodha ya kila kinachotakiwa kujulikana kuhusu mtu: jina kama Ramazani, prénom kama Chérie, kijiji. Postnom hakuna. Sasa akina mama wawili walisimama mbele yake, kila mmoja na Ramazani Chérie wake mgongoni, na mashine ilijua mtoto mmoja.

"Wangu ni Ramazani Asende Chérie," mmoja aling'aka. "Ule ni Etabo. Banafanana wapi?"

Mama Godelieve, muuguzi mkuu, akafungua daftari la zamani. "Solange, mwanangu, saa tatu mi naanza chanjo. Kama kompyuta yako haitambui batoto, tunarudia karatasi, na hatutaiwasha tena."

Solange akaongeza postnom kwenye Mgonjwa, tena ya lazima. Skrini ikajaa mistari myekundu.

"Imekufa!" akacheka Dany, mlinzi wa lango. "Lete sanduku, tuzike!"

"Haiyakufa, kaka. Inanionyesha kila fasi postnom inakosa."

Maana binti huyu hanakili ovyo. Kadi ya mapokezi aliitoa ndani ya Mgonjwa: chukua yote, acha kijiji. Fomu ya masahihisho ilikuwa Mgonjwa yuleyule, ila kila kitu cha hiari. Mgonjwa ndiye mama: ukimgusa, watoto wanasikia. Akarekebisha nyekundu moja moja mpaka zikaisha, akaandikisha watoto wawili, Asende na Etabo, kila mmoja peke yake, akafungua kadi ya chanjo kwa madaha.

Ramazani Chérie. Postnom hakuna!

Dany akapiga makofi. Solange akasoma programu upya. Kadi ile, siku ya kwanza, kwa haraka, aliiandika upya kwa mkono, neno kwa neno. Haikutoka kwa Mgonjwa, basi ingelalamikaje? Akafuta mistari tisa, akaandika mmoja: Mgonjwa, pamoja na tarehe ya chanjo. Nyekundu mbili zikaibuka. Akazimaliza.

Saa tatu kamili Mama Godelieve alisoma kwenye skrini, kwa sauti: "Ramazani Asende Chérie!"

Mama mmoja tu alisogea. Solange alijifanya anapangusa vumbi kwenye kibodi, lakini kidevu kilikuwa juu.