Fundi Luqman na Nikaha ya Zainabu

Luqman ametengeneza redio Msambweni tangu ujana wake, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Hilo ndilo lililomponza. Mtu anayesifiwa sana huanza kuitumikia sifa badala ya watu.

Kaka yake, Swabir, aliugua saratani ya koo, sauti ikawa inamtoka kwa kunong'ona. Alikuwa na haja moja tu: kumwoza bintiye Zainabu kwa kinywa chake mwenyewe, Ijumaa, msikitini. Kwetu biharusi hubaki nyumbani na wanawake, akiisikiliza nikaha kwenye spika iliyofungwa nje ya msikiti. Bila spika hiyo, Zainabu asingemsikia babake.

Amplifaya ya kuiendesha spika ilikuwa ya Swabir, ile ya zamani yenye taa za kioo za kukuzia sauti ndani, nayo ilikuwa ikikwaruza. Kukodi nyingine Luqman aliona aibu: fundi yumo nyumbani, mashine itoke kwa jirani? Akabadilisha maikrofoni, ikakwaruza. Akabadilisha taa ya kwanza, vilevile. Kitufe cha sauti kisipoguswa, ilitulia, kikizungushwa, ilikwaruza. Akajua ni volyumu, kile kifaa kilicho nyuma ya kitufe. Akachomoa waya wa umeme, akaondoa chaji iliyobaki, maana mashine hizo huua hata zikiwa zimezimwa, kisha akaitoa volyumu na kuifungua. Ndani mlikuwa na utelezi mweusi wenye harufu.

"Kaka, umetia mafuta ya nazi humu?"

"Mlango wa mama ulikuwa ukilia, nikautia, ukanyamaza," Swabir alinong'ona.

"Huu si mlango!"

"Basi nipeleke kwa kadhi, ukanishtaki."

Wakacheka wote wawili, mpaka Swabir akaanza kukohoa.

Luqman alinunua volyumu nyingine Ukunda. Mikwaruzo ikaisha, lakini kitufe kikisogezwa kidogo tu, sauti iliruka yote kwa pamoja. Haikuwa aina yake. Inayofaa hupandisha sauti taratibu. Ingetosha kukitafutia mahali pazuri na kukiacha hapo. Fundi akakataa.

"Niongezee wiki moja, kaka. Nimeagiza nyingine Mombasa."

"Luqman, mimi leo nasikika."

"Utasikika vizuri zaidi."

Hapa simtetei. Koo la mgonjwa halingojei kazi ya fundi ikamilike, naye alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini Swabir alimwamini mdogo wake, na nikaha ikasogezwa mbele hadi Ijumaa iliyofuata.

Volyumu ya Mombasa ilifika, akaifunga vizuri mno. Ijumaa ile mashine haikukwaruza hata mara moja. Sheikh alimsogezea Swabir maikrofoni, akamwashiria aseme. Midomo ikacheza. Luqman akazungusha kitufe polepole, sauti ikapanda polepole, mpaka kikafika mwisho. Kikasikika kifua kikivuta pumzi, safi kabisa. Neno halikutoka.

 Sheikh akamwinamia, akamuuliza kwa upole kama anampa nduguye uwakala wa kumwoza Zainabu. Swabir alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Luqman akashika maikrofoni, akamwambia bwana harusi, "Nimekuoza Zainabu binti Swabir, kwa uwakala wa babake," na sauti yake ikasikika katika mtaa mzima.

Nyumbani, Zainabu aliinua uso chini ya mtandio.

"Huyo ni ami," alisema. "Baba yuko wapi?"

 Mmoja wa wanawake akaanza kupiga vigelegele, kwa kuwa nikaha ilikuwa imeshafungwa, na wengine wakamfuata.