Kifurushi Kilichoombewa Itigi

Binti yangu Neema anaandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Go. Jumamosi alilalamika, "Baba, kifurushi changu hakionekani, na kesho kutwa nakabidhi kazi."

Mungu alinijalia huruma nyingi, namshukuru, kuliko maarifa. Kesho yake nilisimama kanisani nikaomba tukiombee kifurushi kilichopotea. Mchungaji akauombea hata mkono uliokichukua. Waumini wakamgeukia Samweli, karani wa mizigo stesheni, jasho likamtoka.

Neema akainuka. "Shikamooni, wazee. Kifurushi ni sehemu ya programu, kimo humohumo kwenye kompyuta yangu. Nilikiita bila kutanguliza jina la moduli inayokibeba, kama kumwita mtoto bila ukoo. Nilikipata jana hiyohiyo."

Mchungaji akanitazama. "Mzee, tuseme amina, au kwanza umwombe Samweli radhi?"